Umeniacha Pale Uliponileta

4 Februari

Mume wangu,

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini. Nafurahi kwamba daraja limefika nguzo ya nne na kwamba mpishi wa kambi amegundua chumvi. Sisi huku, yaani mimi na mchwa, tu wazima.

Nisikuzungushe. Ulisema nimwite mpuliza dawa, nami nilimwita. Alikuja Jumamosi asubuhi na mtungi wake mgongoni, akaigonga fremu ya mlango wa chumba cha nyuma kwa kidole, ikalia kama boksi tupu. Akaniambia hawa wameanza zamani, akawa anafunga barakoa. Hapo nikamwomba radhi, nikamwambia nimebadili mawazo. Nikampa chai. Aliinywa huku akinitazama kama mtu aliyeitwa kuzika akamkuta maiti anafagia uwanja, kisha akaenda zake.

Sababu unaijua, ingawa hupendi kuisikia. Miaka kumi na minane nimekuwa mtu wa maabara pale shuleni. Kila Jumanne na Alhamisi nimetumbukiza vyura kwenye chupa ya dawa kwa mkono huu huu ninaoandikia, wanafunzi wakaniita Mama Vyura, nami nikacheka nao. Tangu mwaka jana, nilipoanza kwenda kwenye ile nyumba ya tafakuri juu ya duka la vipuri vya baiskeli, nimeweka ahadi ya kutoua kwa makusudi na kutosema uongo. Mtawa anayetufundisha mambo ya Budha hakunilazimisha. Niliiweka mwenyewe mbele ya watu saba, na kazini nikaomba nihamishiwe upande wa kemia. Sasa niitunze shuleni, nije niivunje nyumbani?

Natafuta njia nyingine. Nipe muda, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Mkeo,
Mama Vyura


12 Februari

Mke wangu,

Nimemaliza kusoma ndipo nikakasirika, kama ulivyoagiza.

Nyumba ile sikuinunua. Kila mbao ya paa lile niliipiga randa mimi. Kenchi zote kumi na moja zinazolibeba nilizipandisha na vibarua wawili tu, wewe ukiwa chini umeshika kamba na kunipigia kelele nisianguke. Leo niko huku kupigilia mbao za kumiminia zege ya daraja la watu wengine, na kwangu anakuja mtu kuliokoa paa langu, mke wangu anamnywesha chai na kumrudisha.

Tena sikuelewi hata kwa hoja zako mwenyewe. Mwezi uliopita uliniandikia kwamba Budha alifundisha hakuna nafsi, hakuna "mimi" aliyekaa ndani ya mtu kama dereva ndani ya gari. Vizuri. Basi mchwa naye hana mimi, na mpuliza dawa hana mimi. Niambie, nani anamuua nani? Hapo pana dawa tu inayomwagika juu ya vitu visivyo na mwenyewe. Na kufikiri hivi sikujifunza kambini. Ulinifundisha wewe, miaka mingi kabla hujamsikia huyo mtawa. Ulisema mtu ni maji, chumvi na umeme kidogo, akifa umeme umekatika, yameisha. Nilikuamini. Sasa maji na chumvi ya mchwa vimepata heshima kuliko jasho langu.

Siwezi kuja kwa sasa, kazi imebana. Mwite yule mtu arudi. Simu huku haishiki kabisa na gari la mahitaji linaondoka na barua Jumatano kwa Jumatano, kwa hiyo usingoje nikubembeleze.

Mumeo


20 Februari

Mume wangu,

Swali lako nililipeleka kwa mtawa. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema limeulizwa na wengi kabla yako, na kila anayeliuliza huwa tayari ameshaamua kuua. Mimi sikucheka. Nilikuona umekunja uso huku ukiandika.

Nikujibu kwa ninavyoelewa mimi, si kwa maneno yake. Fikiria uvumi. Mtu anasema jambo dukani, wa pili analipokea na kulitia chumvi, wa tatu analigeuza. Ukiufuatilia hukuti kitu chochote kilichotembea kutoka mdomo huu kwenda ule, wala humpati mwenye uvumi. Lakini mtaa wa nne ndoa inavunjika, na aliyeachwa analia machozi ya kweli. Mtu naye ndivyo alivyo, wanavyosema. Hakuna roho inayohama kama mpangaji na godoro lake. Kuna tendo linalozaa tendo, kuna ulichofanya kinachoendelea kufanya kazi hata usipokuwepo. Hilo la kuzaliwa tena bado limenikwama kooni, sikufichi. Ila hili jingine nimelimeza. Tuliposema hakuna roho, hatukukosea. Tulikosea tuliporuka kutoka hapo tukasema basi hakuna kitu. Maumivu hayangoji mpaka yapate mwenyewe ndipo yaume.

Najua hayo hayazibi fremu. Nyumba imesimama. Godoro nimelihamishia sebuleni kwa sababu ya hewa.

Kuanzia tarehe 3 hadi 13 Machi nitakuwa kwenye siku kumi za kimya, hatusemi wala kuandika. Ufunguo nitamwachia wifi.

Mkeo


26 Februari

Dada,

Najua sikuandikii mpaka niwe na shida. Leo ninazo mbili.

Ya kwanza ni mguu. Tarehe 29 Januari nilianguka kutoka jukwaani, mfupa wa muundi ukavunjika mahali pawili. Niko zahanati ya kambi na plasta mpaka pajani, na mganga anasema katikati ya Aprili ndipo nitaweza kusafiri. Mke wangu hajui. Nimemwambia kazi imebana, na kweli imebana, ila imewabana wenzangu. Nikimwambia, ataniandikia kwamba mwili si mali yangu. Maneno hayo sitaki kuyasikia wakati mwili wenyewe unauma hivi.

Ya pili ni nyumba. Atakuachia ufunguo tarehe 3. Akishaondoka tu, mwite mpuliza dawa, mfungulie, apulize kila kona, afunge mlango. Yeye hataua chochote, ahadi yake itabaki nzima. Atakayekuwa ameua ni mimi, na mimi sijaahidi mtu.

Usimwambie yote mawili. Nakujua, dada yangu, siri kwako ni kama maji kwenye chekeche. Jitahidi.

Mdogo wako


8 Machi

Mdogo wangu,

Pole sana na mguu. Nimekuombea, na usinijibu kwamba haisaidii.

Ulichonituma nimekifanya, ila sikulala vizuri kwa sababu yake. Hukunieleza hali ya nyumba, na naona wewe mwenyewe hukuelezwa. Dari ya chumba cha nyuma imeanguka, yote. Kenchi mbili zimeoza kama biskuti iliyochovywa, fundi wa dawa alizishika zikamomonyoka mkononi. Mkeo analala sebuleni, godoro liko chini ya ile meza yako kubwa ya mvule. Aliponiachia ufunguo aliniambia ni kwa sababu ya hewa. Mtu halali chini ya meza kwa sababu ya hewa.

Nyuma ya nyumba nilikuta maboksi mengi yaliyolowekwa maji, yamefukiwa nusu kando ya ukuta. Nilidhani ni taka, nikayachoma moto. Jirani alipoona moshi akaja mbio akaniambia ni mtego. Kumbe mkeo alikuwa anawavuta mchwa waingie kwenye maboksi, kisha anawabeba kwenye ndoo mpaka kile kiwanja cha wazi nyuma ya kiwanda cha matofali, anawamwaga huko wakaanze maisha. Safari saba alizihesabu jirani. Nilisimama pale na kiberiti mkononi nikajiona mjinga, halafu nikajiona sijakosea, halafu mjinga tena.

Nawapenda wote wawili lakini mmenichosha. Zamani mlikaa mezani kwangu mkasema hakuna Mungu. Sasa mmoja anasema hata mtu hakuna. Nikipiga magoti sijui niwaombee kama nani na nani. Mimi nina imani yangu ile ile ya mama. Haijanipa majibu ya kila kitu, lakini haijawahi kunifanya nibebe mchwa kwenye ndoo wala kuvunjika mguu nikauficha.

Kuhusu siri, nitajitahidi.

Dada yako


15 Machi

Kwa mume wangu,

Siku kumi sikutamka neno. Nimefungua mlango wa nyumba yangu, harufu ya dawa ikanipiga usoni, na neno la kwanza lililonitoka siwezi kuliandika hapa.

Wifi hakunificha hata dakika moja. Alilia kabla sijamuuliza. Nimefagia mchwa waliokufa, nimejaza karai. Mkono ulishika ufagio tu, mimi nikafagia. Nisingesema kitu kama ungeniandikia waziwazi, "Nakataa, nitaleta mtu." Tungegombana, na ugomvi naujua. Lakini ulingoja nifumbe mdomo.

Na mguu? Mwezi mzima na nusu umelala na plasta, unaniandikia kuhusu kenchi. Ulidhani nitakutumia mahubiri. Hivyo ndivyo unavyoniona siku hizi, kwamba mume wangu akivunjika nitamtumia mahubiri.

Mke wako


22 Machi

Mke wangu,

Sawa. Nimekosea kwa dawa na nimekosea kwa mguu. Lakini na wewe uliandika "nyumba imesimama." Umejifunza kusema kweli kwa kipimo, kama duka la mtu mchoyo. Dari imeanguka, unalala chini ya meza kama mtu aliye vitani, na mimi nasoma habari za uvumi.

Sasa nikuambie kinachoniuma, maana nimelala hapa siku hamsini natazama turubai la zahanati na nimepata muda wa kukijua. Si paa. Paa nitalijenga tena nikipata miguu miwili.

Uliponikuta nilikuwa mtu wa ibada. Kila wiki nilimshika mama yangu mkono nikampeleka, nikakaa kando yake, nikajua nyimbo zote. Hukunilazimisha, hilo nalikubali. Ulikaa tu mezani na vitabu vyako, na kila nilichosema ulikuwa na jibu, na majibu yako yalikuwa mazuri kuliko yangu. Nikaacha. Mama hakunigombeza. Kila nikienda kumwona aliniuliza jambo moja tu, "Umesali?" Nami natazama sakafu. Mwaka ule wa mwisho aliniuliza kila mara. Alipofariki nilikuwa kazini mbali, kama nilivyo sasa. Alikufa akijua mwanawe amepotea, na miaka sita hii nimejiambia kwamba angalau nilipotea kwa ajili ya kweli, na kwamba huku nilikopotelea siko peke yangu, nipo na wewe.

Halafu siku moja narudi nyumbani, nakukuta umekaa sakafuni umefumba macho. Una mwalimu, una ahadi, una wenzako saba. Umehama. Umeniacha pale uliponileta, na kule nilikotoka siwezi kurudi, maana aliyekuwa ananingoja mlangoni hayupo.

Usinijibu kwa mfano. Sitaki uvumi, sitaki gari lisilo na dereva.

Mumeo


30 Machi

Mume wangu,

Barua yako imenikaa siku tatu mfukoni mwa koti la maabara. Nimemwaga tindikali juu ya meza mara mbili.

Sitakupa mfano. Nitakuambia jambo lililotokea, ambalo nilipaswa kukuambia miaka sita iliyopita.

Siku moja kabla ya mama kufariki nilikwenda kumwangalia kwa dada yako. Wifi akapata nafasi ya kutoka kwenda duka la dawa, akaniacha naye alasiri nzima. Mama akaniuliza habari zako. Nikamwambia umerudi kusali. Nikamwambia uliniambia mwenyewe, kwamba huko kazini kila wiki mnakusanyika na wenzako, na kwamba wewe ndiye unayeanzisha nyimbo. Nilidanganya, mwanzo mpaka mwisho, na nilidanganya kwa ufundi. Alifumba macho akiwa ametulia. Asubuhi yake akaenda.

Kwa hiyo hakufa na uchungu ule ulioubeba wewe.

Sikukuambia kwa sababu ya aibu. Wewe uliacha kila kitu kwa kuamini kwamba mimi ni mtu wa kweli tupu, na siku ya kweli kuwa ngumu nilikuwa wa kwanza kuikimbia. Kisha ukawa umekaa kimya na msiba wako, nikaona nikigusa nitavunja. Siku zikapita, ikawa miaka.

Umesema nimehama. Nilianza kuhama pale pale kando ya kitanda chake. Nilirudi nyumbani nikajiuliza, kama mtu ni maji na chumvi, kwa nini maji na chumvi yangu yalihangaika vile kuyatuliza maji na chumvi ya mwanamke ambaye kesho yake hangekuwepo kukumbuka kama alitulizwa? Vitabu vyangu vilikuwa na jibu, vinalo siku zote, lakini safari hii lilikuwa jibu la swali jingine. Imani ya mama sikuiweza, nilijaribu kwa siri na maneno yalikuwa yananidondoka. Nikahangaika miaka mitano. Nikaja kusikia watu wanaosema kama mimi kwamba hakuna roho, na bado wanasema yale maumivu yalikuwa na maana na yale niliyofanya yanaendelea. Basi nikakaa nao.

Nisamehe kwa ukimya. Kwa uongo wenyewe sijui kama naomba msamaha.

Mkeo


6 Aprili

Mke wangu,

Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikaitupa, kisha nikamwomba mwenzangu wa kitanda cha pili aniokotee kwa gongo lake maana ilifika mbali.

Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Ulinipunguzia mzigo miaka sita iliyopita na hukuniambia kwamba umeupunguza, nikaendelea kuinama. Kila ulipokuwa unanipakulia chakula ulikuwa unajua. Unabeba mchwa kwenye ndoo wasiumie, na mimi nimekaa mezani mbele yako.

Na kuna kitu hakikai sawa. Mimi namjua mama yangu. Alikuwa anajua nani kala sukari kwa kusikia tu mtu anavyojibu salamu. Wewe hujui kudanganya, hukuweza hata kuniambia dari iko salama, ukaandika "imesimama." Halafu unaniambia ulimdanganya yeye kwa ufundi, akatulia.

Nataka yote. Usinilainishie na usinielezee maana yake. Alikaa vipi, alishika nini, alisema nini, neno kwa neno. Umeahidi kutosema uongo mbele ya watu saba. Mimi niwe wa nane.

Plasta itakatwa tarehe 17. Gari la mahitaji linashuka tarehe 20 na nimepewa nafasi mbele. Barua yako inifikie kabla sijaondoka.

Mumeo


12 Aprili

Mume wangu,

Haya, yote.

Alikuwa ameegemea mito mitatu, uso ameuelekeza dirishani. Alivaa lile sweta lako la zamani la bluu, mikono imezidi, nikamkunjia. Mkononi hakushika kitu. Nilipoanza kusema habari za kusali kwako alinigeukia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, hata nilipofika kwenye nyimbo. Akasema hivi, na ni neno kwa neno, maana sijapata kusahau:

"Mke wa mwanangu, hujui kudanganya. Mwanangu hajasali na wewe unajua hajasali. Lakini wewe huamini kama kuna anayekuona, na umekuja kujitia uongo mdomoni ili mimi nilale. Basi mwanangu hakuoa vibaya. Kaa hapa."

Nikakaa. Hakusema tena habari ya kusali. Aliniomba nimkune mgongo, pale katikati asipofika mwenyewe. Nikamkuna mpaka akalala, na mkono ukafa ganzi lakini sikuutoa. Wifi aliporudi na dawa alimkuta amelala.

Kwa hiyo alijua. Nilikuandikia nusu kwa sababu nilitaka upate nafuu kamili, ile niliyotaka kumpa yeye nikashindwa. Hakudhani umerudi. Alijua ulipo, na alikufa akijua uko na nani. Sijui kama hilo linakutosha. Mimi limenisumbua miaka sita na halijanitosha bado.

Sina jambo jingine la kukuficha, isipokuwa kwamba kenchi ya tatu nayo imepasuka, na nimeiwekea nguzo ya chuma niliyoazima shuleni. Ahadi yangu bado ninayo na nitakuwa nayo hata ukija. Juu ya hilo tutagombana, najua, na sitakimbilia kwenye kimya.

Tarehe 20 nitakuwa stendi pamoja na dada yako. Tumeshakubaliana nani atakushika upande gani. Kama bado una hasira, shuka nayo.

Mkeo